Kitabu Hakipo Chuoni: Njia ya Kukiazima Kutoka Mbali



Wapenzi wasomaji, kuna neno moja fupi liwavunjalo moyo vijana wetu walioko vyuoni, nalo ni “hakipo”. Msichana ameelekezwa na mwalimu wake asome kitabu fulani. Ameingia maktabani, amekitafuta katika orodha, na jibu likawa hilo. Hapo wengine hupiga simu nyumbani kuomba fedha za kukinunua, na mzazi hulazimika kuzitoa katika zile za karo na chakula. Wengine hubadilisha mada ya utafiti wao, wakaliacha walilolipenda na kushika lililo jepesi kupatikana. Na mama aliyerejea masomoni hali ana watoto wadogo, kwake kitabu kilichoko Nairobi ni kama hakipo duniani. Kwani ni nani atakayemshikia nyumba yake siku 3 ili akasome kurasa 20?

Lengo la makala haya ni kubainisha kwamba kitabu kisichokuwapo chuoni huenda bado kikapatikana kupitia chuo hicho hicho. Upo utaratibu wa maktaba kuazimana vitabu. Maktaba ya chuo humwombea msomaji wake kitabu kutoka maktaba nyingine, iwe ya mji jirani au ya nchi ya mbali, na kitabu kikamfikia pale alipo.

Na tuchukue mfano wa hapa kwetu. Tuseme mwanafunzi wa chuo kimoja cha Pwani anaandika juu ya Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki yapata mwaka 1840. Mashairi yake yalihifadhiwa na watu vifuani, kisha katika karne ya 19 Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa akashirikiana na Mwingereza W. E. Taylor kuyakusanya. Makaratasi ya Taylor leo yamo katika maktaba ya SOAS, London. Mwaka 1940 William Hichens alitoa diwani ya mashairi hayo, ikachapishwa Johannesburg na Witwatersrand University Press. Mwaka 1979 Mohamed H. Abdulaziz akatoa kitabu kwa Kiingereza juu ya Muyaka, kilichochapishwa Nairobi na Kenya Literature Bureau. Basi mtoto wa Mombasa atakaye kumsoma mshairi wa mji wake hukuta habari zake zimetawanyika katika kazi zilizotoka miji 3, na yote i mbali na kwao.

Lakini kila kimoja katika hivyo kina njia yake. Kitabu cha mwaka 1979 ni kitabu cha kawaida. Chuo kikuu kingine hapa nchini kikiwa nacho, kinaweza kukileta chenyewe, kikasomwa kwa muda uliowekwa na kurudishwa. Diwani ya mwaka 1940 ni nakala adimu. Maktaba iliyo nayo inaweza kukataa kuitoa, au ikaitoa kwa sharti isomewe ndani ya maktaba tu, au ikatuma nakala ya kurasa chache zinazohitajika. Ama hati zilizoandikwa kwa mkono, hizo kwa kawaida haziazimwi. Kinachotumwa ni nakala au picha. Na pengine haihitajiki hata kutumiwa, kwa kuwa baadhi ya hati za Kiswahili za SOAS zimekwisha kupigwa picha na kuwekwa katika intaneti. Kadhalika hati za Msikiti wa Riyadha, Lamu, zilipigwa picha kupitia mradi wa British Library uitwao Endangered Archives Programme, ili zisomwe bila malipo.

Kwa hivyo, kabla ya kuomba, mwanafunzi na ajiulize: je, nahitaji kitabu kizima, sura moja, au kurasa chache? Sura moja au makala moja ya jarida hutumwa kwa barua pepe, na gharama yake aghalabu ni ndogo kuliko ya kusafirisha kitabu kizima. Ila sheria ya hakimiliki haimruhusu mkutubi kutoa nakala ya kitabu chote, na si haki kumshurutisha.

Sasa tueleze namna ya kuomba. Kwanza, mwanafunzi ahakikishe kweli kitabu hakimo katika maktaba yake, kwa kutafuta jina la mwandishi na jina la kitabu katika orodha. Kama ni makala ya jarida, aulize pia kuhusu majarida ya elektroniki. Maktaba nyingi za vyuo vyetu zimo katika muungano uitwao KLISC, ulioanzishwa mwaka 2003, ambao hushirikiana kugharimia majarida hayo. Mara nyingi kilichodhaniwa kuwa mbali kimo ndani ya kompyuta ya chuo.

Pili, aandike maelezo kamili: mwandishi, jina la kitabu, toleo, mchapishaji, mahali na mwaka wa kuchapishwa. Vitabu vya siku hizi huwa pia na namba ya ISBN, yenye tarakimu 13 tangu mwaka 2007, na 10 kabla ya hapo. Makala ya jarida huhitaji jina la jarida, juzuu, namba, mwaka na kurasa. Maombi yenye upungufu huzunguka bure, na wenye wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Tatu, amwendee mkutubi, ajaze fomu, na aulize mambo manne: huduma hii ipo kwa kiwango gani hapa chuoni, ni nani anayeruhusiwa kuitumia, gharama ni kiasi gani na nani atailipa, na itachukua muda gani. Vyuo havilingani katika mambo haya, na kuuliza si ujinga. Mkutubi naye hutafuta katika orodha za pamoja, kama ile ya kimataifa iitwayo WorldCat, ili ajue ni maktaba gani iliyo na kitabu, kisha hupeleka ombi kwa jina la chuo. Jibu laweza kuja baada ya siku chache au majuma kadhaa. Kwa hivyo atakayengoja hadi juma la mwisho kabla ya kuwasilisha tasnifu yake, na akumbuke kwamba chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Huenda msomaji akauliza: maktaba ya Johannesburg inamjuaje msichana wa Kisauni hata impe kitabu chake? Haimjui. Inakijua chuo chake. Hii ndiyo siri ya utaratibu mzima. Mkopo ni baina ya maktaba mbili, na maktaba ya chuo ndiyo mdhamini.

Jambo la kuaminiana kwa vitabu si geni katika historia yetu. Yaqut al-Hamawi, mwanajiografia aliyefariki mwaka 1229, alikaa Marw, mji ambao magofu yake leo yamo Turkmenistan, akakuta humo maktaba 10 za wakfu. Ameeleza kwamba nyumbani kwake hapakukosa majuzuu 200 ya kuazima, na mengi katika hayo hakutakiwa kuweka rahani. Katika kukusanya maarifa ya kamusi yake kubwa ya miji na nchi, alifaidika na vitabu hivyo. Marw wakati huo ilimwamini mgeni, naye mgeni akaacha kazi inayosomwa hadi leo.

Maktaba za zama zetu zilipotaka kuufikisha uaminifu huo kwa msomaji wa mji mwingine, zilihitaji mdhamini na kanuni. Mwaka 1876 mkutubi Samuel Swett Green wa Worcester, Marekani, alipendekeza hadharani kwamba maktaba ziazimane vitabu. Mwaka 1894 Joseph Rowell wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akaanzisha mpango kama huo. Mwaka 1962 Uingereza ilifungua huko Boston Spa maktaba iliyowekwa mahususi kwa kuazimisha maandishi ya sayansi na teknolojia. Popote utaratibu huu ulipofika, msingi wake ni ule ule: maktaba iliyoomba ndiyo inayowajibika hadi kitabu kirudi salama.

Kutokana na hayo, mwanafunzi aliyepokea kitabu cha kuazima amebeba amana iliyo kubwa kuliko bei ya kitabu. Akikichelewesha, akipotezapo, au akikiandika pembezoni kwa kalamu, lawama haimwendei yeye kwanza, bali chuo chake. Na maktaba iliyoazimisha ikivunjika moyo, mwakani mwanafunzi mwingine, ambaye hana kosa lolote, ataomba na kunyimwa. Basi karatasi ya mkutubi iliyomo kitabuni isitolewe. Tarehe ya kurudisha ihesabiwe kwa kutoa siku za safari ya kurudi. Muda usipotosha, nyongeza iombwe kabla ya tarehe kupita. Na nyumbani, kitabu hicho kiwekwe juu, mbali na watoto, chai na maji ya mvua.

Enyi wazazi, hapa mna sehemu yenu. Binti akisema kitabu hakipo, kabla ya kutafuta fedha au kumshauri abadilishe mada, muulizeni: umemwona mkutubi? Umempa maelezo kamili? Na akikipata, mkumbusheni tarehe kama mnavyomkumbusha deni, kwani ni deni. Mama asomaye usiku, watoto wakiisha kulala, huenda akaletewa hadi chuoni kwake kile ambacho hakuwa na uwezo wa kukifuata. Jambo la kwanza atakiwalo kufanya ni kwenda kwa mkutubi na kuuliza, na hilo linawezekana Jumatatu hii ijayo.

Wabillahi tawfiq.