Samaki Ang'ang'aniaye Mwamba Hana Gundi

Gobiesox maeandricus, samaki mdogo wa pwani ya Pasifiki kuanzia Alaska hadi California, hujibandika kwenye miamba kwa kisahani kilicho chini ya kifua, kilichoundwa hasa na mapezi ya tumbo. Asichanganywe na chazo. Kisahani cha chazo kiko utosini, kimetokana na pezi la mgongoni, naye hudandia papa na kasa.

Swali lisilokoma kuhusu Gobiesox ni hili: gundi yake imetengenezwa na nini? Halina jibu, kwa kuwa gundi haipo. Ute alio nao huenda ukasaidia kuziba mwanya ukingoni, lakini si ute unaobeba mzigo. Ushahidi ni rahisi: kisahani kikiinuliwa upande mmoja tu, maji hupenya na samaki huachia papo hapo, kisha hujibandika upya hatua chache mbele. Gundi haina tabia hiyo. Kinachotokea ni kwamba kanieneo chini ya kisahani hushuka, na maji yaliyo nje, yenye kanieneo kubwa zaidi, humkandamiza samaki mwambani. Havutwi, anasukumwa.

Wala si suala la misuli. Katika majaribio yaliyofanyika Friday Harbor, jimbo la Washington, na kuchapishwa mwaka 2013, samaki waliokwisha kufa walihimili nguvu ya mara 80 hadi 230 ya uzito wao. Maiti haikazi misuli, wala haitengenezi gundi.

Siri iko ukingoni. Kikombe cha mpira cha kubandika vigaeni hushindwa kwenye mwamba wenye chembechembe, kwa sababu ukingo wake huteleza kuelekea katikati na kuingiza maji. Ukingo wa samaki huyu ni laini, una vijinundu vyenye nyuzi ndogo mno zinazoingia katika mikwaruzo ya jiwe. Msuguano wake huuzuia ukingo kuteleza, hata jiwe likiwa na utando wa uchafu.

Kwa anayetaka kumbandua: kidole kilicholowa chini ya ukingo, kisha asogezwe pembeni, asivutwe juu. Jiwe lililogeuzwa lirudishwe lilivyokuwa, maana dume hulinda mayai chini yake. Kwa mhandisi anayebuni kikombe cha kushika sehemu zenye mikwaruzo: aanze na ukingo, aache kutafuta gundi.