Mlenda wa Maua ya Manjano: Utambuzi wa Spishi za Corchorus katika Delta ya Rufiji na Kibiti

Mkazi wa Kibiti akiulizwa mlenda ni nini, aghalabu hujibu kwa kuelezea chungu: ni mboga ya majani inayoteleza, hupikwa kwa magadi na kuliwa kwa ugali. Jibu hilo ni sahihi, ila ni maelezo ya chakula, si ya mmea. Utelezi hutokana na ute uliomo katika majani, na ute wa namna hiyo umo pia katika bamia na katika mimea ya jamii ya ufuta. Ceratotheca sesamoides, mathalani, ni wa jamii ya ufuta na huitwa mlenda vilevile. Kwa hiyo, fasili ya kamusi inayosimama juu ya utelezi peke yake haiwezi kumwonyesha msomaji mmea unaokusudiwa. Makala haya yanashughulikia mlenda wa maua ya manjano, yaani jenasi ya Corchorus.

Kigezo cha kwanza ni ua. Mlenda wa jamii ya ufuta una ua la rangi ya waridi au zambarau, lenye umbo la neli iliyopanuka mdomoni. Ua la Corchorus ni dogo, la manjano, lenye petali tano zilizoachana, na stameni zake ni huru. Kigezo hiki cha mwisho ndicho kinachoutenga na Sida, magugu ya maua ya manjano ambayo matawi yake hufungwa kuwa fagio, kwani stameni za Sida zimeungana chini kuwa bomba. Triumfetta nayo ina maua ya manjano, lakini tunda lake ni kijidonge chenye miiba iliyopinda ambacho hunasa kwenye nguo. Atembeaye vichakani hulitambua kabla hajaliona. Aidha, jani la Corchorus lina meno ukingoni, na mara nyingi meno mawili ya chini kabisa, karibu na kikonyo, yamerefuka kuwa kama nywele mbili. Alama hiyo huonekana kwa macho matupu. Hata hivyo, isitumiwe peke yake, kwa sababu Corchorus trilocularis huweza kukosa nywele hizo.

Ndani ya jenasi yenyewe, ua halisaidii sana. Tunda ndilo linaloamua. Corchorus olitorius, uliopewa jina hilo na Linnaeus mwaka 1753, una tunda refu kama kidole chembamba, la sentimita 3 hadi 8, lenye matuta kumi yanayoshuka kwa urefu na ncha moja isiyogawanyika. Huu ndio mmea unaolimwa kwa mboga Misri na kwa nyuzi za juti Bangladesh na India, pamoja na jamaa yake Corchorus capsularis, ambao tunda lake ni la duara. Corchorus tridens una tunda jembamba zaidi, lililosimama wima, na kileleni pana vipembe vitatu vilivyotawanyika. Jina lake la Kilatini lenyewe lina maana ya meno matatu. Tunda la Corchorus trilocularis lina pembe tatu au nne na linakwaruza kidole, bali ncha yake ni moja. Corchorus aestuans una tunda fupi na nene, lenye mbawa, na vipembe vyake vya kileleni hugawanyika tena kila kimoja. Mtafiti anayetumia mikusanyo ya zamani ya mimea iliyokaushwa akumbuke kuitafuta jenasi hii chini ya familia mbili: Tiliaceae, ambamo Flora ya Afrika Mashariki ya Kitropiki iliiweka mwaka 2001, na Malvaceae, ambamo huwekwa siku hizi.

Hapa ndipo ugumu wa kazi ya uwandani ulipo. Wapishi huchuma majani yakiwa machanga, kabla mmea haujazaa. Anayetambua mmea anauhitaji ukiwa umekwisha kuzaa. Katika mashamba ya mlau, yanayolimwa bondeni maji ya mafuriko yanapopwa, magugu hayo hupaliliwa au kuliwa kabla ya tunda kukomaa. Katika awamu yangu ya kwanza nilikusanya vielelezo kwa kuwafuata wachumaji, nikaviandika vyote kuwa Corchorus olitorius kwa kuwa ndio jina nililolijua kutoka vitabuni. Niliporudi baadaye kwenye kingo za mashamba yaleyale, baadhi ya mimea iliyosazwa ilikuwa na vipembe vitatu. Jedwali lote la majina lilibidi liandikwe upya.

Kosa hilo si la kitaaluma tu. Mbegu za Corchorus olitorius zina glikosidi zinazoathiri moyo, na vifo vya mifugo iliyozila vimewahi kuripotiwa nje ya Afrika Mashariki, ilhali majani yake ni chakula cha kila siku. Tangu wafugaji walipohamishwa kutoka Bonde la Usangu kuanzia mwaka 2006, makundi ya ng'ombe yameingia katika wilaya za kusini mwa pwani, Rufiji ikiwamo. Onyo litakalosema “mlenda ni sumu kwa ng'ombe” litamtisha mama mwenye chungu bila kumwonyesha mfugaji ni mmea upi, na ni sehemu gani ya mmea huo, anapaswa kuwaepusha nayo ng'ombe wake.

Kwa sababu hizo, kidahizo mlenda katika tasnifu hii kimegawanywa katika maana tatu: chakula kinachoteleza, mmea wa maua ya manjano wa jenasi ya Corchorus, na mmea wa maua ya waridi wa jamii ya ufuta. Jina la spishi limetajwa pale tu ambapo kielelezo kina tunda lililokomaa. Vielelezo visivyo na tunda vimeishia kwenye jenasi.