Bei ya kupanda daraja ukianzia Bunagana

Bunagana, mji wa Kongo ulio mpakani na Uganda, ukinunua soda karibu na kizuizi, chenji hurudi kwa shilingi za Uganda. Basi nitahesabu kwa shilingi hizo.

Anza na nchi ndogo ya jirani. Rwanda ina kilomita za mraba 26,338, na msimu wa 2023-24 ligi yake kuu ilikuwa na timu 16. Kila timu hukutana na nyingine mara mbili, nyumbani na ugenini: mechi 30 kwa timu, 15 za ugenini, 240 kwa jumla. Kivu Kaskazini, jimbo la Kongo lenye Bunagana na Goma, peke yake lina kilomita za mraba zipatazo 59,500, yaani zaidi ya Rwanda mbili. Lakini katika mpira wa Kongo, jimbo hilo zima ni kidato kimoja tu: chini yake kuna ligi za mahali (entente), juu yake ligi ya taifa, Linafoot, daraja la pili lililogawanywa kwa kanda, kisha daraja la kwanza.

Kutoka Rubavu, ziliko klabu za Etincelles na Marines, hadi Kigali ni kama kilomita 155. Kwenda na kurudi, 310. Tuchukulie basi dogo linakula lita 15 kwa kilomita 100, na lita ni Sh 5,000. Mafuta ya safari: Sh 232,500. Posho na dereva havimo, kwa hiyo hesabu hii inaipendelea Rwanda.

Goma imepakana na Rubavu, barabara tu inazitenganisha. Ila timu ya Goma inayokwenda Kinshasa inavuka takriban kilomita 1,570 kwa mstari ulionyooka, na hakuna basi la kuifikisha. Watu 25, tiketi ya ndege ya kwenda na kurudi tuseme dola 400, dola kwa Sh 3,700: Sh 37,000,000. Hata bei ya tiketi ikikatwa nusu, ni karibu mara 80 ya mafuta yale. Na timu ya Bunagana inaongeza karibu kilomita 100 za kupitia Rutshuru kabla haijafika Goma.

Dawa ya Linafoot kwa gharama hizi imekuwa kugawa timu katika makundi. Timu 20 zikicheza pamoja, mechi ni 380 na kila timu inasafiri mara 19. Makundi mawili ya timu 10 yanatoa mechi 180, safari tisa. Kwenye karatasi, nafuu ni zaidi ya nusu.

Hesabu hiyo inachukulia kwamba kila timu ina uwanja wa nyumbani. Bunagana iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 Juni 2022, Goma Januari 2025, na uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Timu isiyo na uwanja wa nyumbani inacheza mechi zote 18 za kundi ugenini, pungufu ya moja tu kwa zile 19 za awali, na haikusanyi kiingilio. Ikipiga kambi mji mmoja, tiketi hulipwa mara moja. Lakini watu 25 kwa, tuseme, siku 90 ni vitanda 2,250 vya usiku mmoja. Kitanda na chakula kwa Sh 40,000, Sh 90,000,000.