Saa ya Mwili, Utumbo na Dawa: Mfano wa Kwale

Mswahili huhesabu saa kwa kulifuata jua. Saa moja asubuhi ni saa ya kwanza tangu kupambazuke, na saa moja usiku ni ya kwanza tangu kuchwe. Mwili wa binadamu nao una hesabu ya namna hiyo. Mwaka wa 2017 Tuzo ya Nobeli ya Tiba ilitunukiwa Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, kwa kufichua jinsi jeni zinavyoendesha saa iliyomo ndani ya seli. Makala haya yanabainisha uhusiano uliopo baina ya saa hiyo, maradhi ya utumbo na dawa, kwa kurejelea Kaunti ya Kwale.

Maradhi mawili yanayofahamika pwani ya kusini, kuanzia Diani hadi Msambweni, yanadhihirisha kwamba hata vimelea vina saa zao. Mayai ya kichocho hutoka kwa wingi katika mkojo wakati wa adhuhuri. Ndiyo maana mkojo hukusanywa kati ya saa nne na saa nane mchana. Kinyume chake, vijinyoo vichanga vya matende hujificha katika mishipa ya mapafu mchana, kisha hujaa kwenye damu iliyo karibu na ngozi usiku, wakati mbu wanaovieneza wanapouma. Damu ya kuchunguzwa kwa darubini basi hutolewa kati ya saa nne na saa nane usiku. Anayepimwa matende adhuhuri anaweza kuambiwa yu mzima ilhali ni mgonjwa.

Ikiwa saa ni muhimu katika kuutambua ugonjwa, ni muhimu vilevile katika kuutibu. Dawa imezwapo hupitia ukuta wa utumbo, kisha ini. Humo mna vimeng'enya, yaani protini zinazozibadilisha na kuzivunjavunja dawa ili mwili uweze kuzitoa. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, huvunjwa kwa kiasi kikubwa katika safari hiyo ya kwanza, hata sehemu ndogo tu ikafika kwenye damu ya mwili mzima. Chakula huiongezea nafasi ya kufika. Albendazoli nayo hufyonzwa kwa shida, ila mlo wenye mafuta huweza kuongeza ufyonzwaji wake hadi takribani mara tano. Hilo lina uzito pale minyoo inapokuwa nje ya utumbo. Kwa minyoo iliyo ndani ya utumbo, dawa hufanya kazi papo hapo.

Vimeng'enya hivyo havifanyi kazi kwa kiwango kimoja kutwa kucha. Saa kuu iliyo ubongoni hurekebishwa na mwangaza, bali saa za ini na utumbo hufuata pia nyakati za kula. Katika mwezi wa Ramadhani, mlo unapohamia kwenye futari na daku, ini huanza kumfuata mlaji huku ubongo ukiendelea kulifuata jua. Dawa inayohitaji chakula haina budi kupangiwa wakati mpya.

Jambo la tatu ni uvimbe wa utumbo, uwe umesababishwa na vimelea au na maradhi mengine. Ukuta uliovimba hufyonza dawa kwa namna isiyotabirika. Isitoshe, seli za kinga hutoa protini za kupashana habari, kama vile intalukini-6, ambazo hulifikia ini na kulipunguzia utengenezaji wa vimeng'enya. Baadhi ya dawa basi hukaa mwilini kwa muda mrefu zaidi, na kipimo kilichokuwa salama huweza kuleta madhara. Uvimbe ukipoa, vimeng'enya hurejea, na kipimo kile kile huenda kisitoshe. Majaribio ya panya wa maabara yameonyesha kwamba uvimbe wa utumbo huweza kuvuruga hata saa ya ini.

Haya yote yanagusa lugha. Agizo la "kutwa mara tatu" limezoeleka katika bahasha za dawa, lakini kutwa ni tangu jua kuchomoza hadi kuchwa. Mgonjwa anayelitii agizo hilo kikamilifu atameza vidonge vitatu mchana na kuuacha usiku mtupu, ilhali daktari alikusudia kila baada ya saa nane. Aidha, kwa mapokeo ya Waswahili siku huanza magharibi. Mzee wa Msambweni akiambiwa aanze dawa "usiku wa Ijumaa", huenda akaanza Alhamisi jua likishatua, na wala hajakosea.

Kwale imeshirikiana na watafiti kwa miaka mingi. Katika utafiti wa TUMIKIA, uliofanywa huko kati ya 2015 na 2017, kuwapa watu wa rika zote albendazoli mara mbili kwa mwaka kulipunguza maambukizi ya safura kutoka asilimia 20.6 hadi 4.6. Mafanikio hayo yalitegemea nyumba kufikiwa na watu kukubali kumeza. Kwa dawa za siku nyingi, hata hivyo, kukubali hakutoshi iwapo saa iliyotajwa haieleweki. Mhudumu wa afya amwulize mgonjwa anakula saa ngapi, analala saa ngapi na kama tumbo linamsumbua. Kisha ataje saa yenyewe, asubuhi au usiku, na siku inayokusudiwa. Wanafunzi wa Kiswahili wana kazi ya kufanya hapo: kuyasanifu maagizo ya dawa ili yafahamike kwa namna moja tu.