Fidia ya Ulemavu na Malipo ya Mwangalizi

Wanafunzi wetu wa tafsiri wanapokuwa likizoni huombwa na wazee wawasomee barua za serikali, zikiwemo za fidia ya askari waliolemaa vitani. Katika makala haya tunaeleza malipo ambayo aghalabu huchanganywa na mengine: nyongeza ya mtu asiyeweza kujihudumia.

Kwanza tutofautishe istilahi. Kiinua mgongo hulipwa kwa mkupuo mtu anapoacha kazi. Pensheni hulipwa kila mwezi kutokana na utumishi. Fidia hulipwa kwa ajili ya madhara, kama vile mguu uliokatwa au macho yaliyopofuka. Nyongeza tunayoizungumzia haihusu kiungo kilichopotea, bali mikono ya mtu mwingine anayemwogesha mlemavu, kumvisha, kumlisha na kumpeleka msalani. Askari wawili waweza kuwa na jeraha la aina moja, mmoja akajihudumia na mwingine asiweze. Ndiyo maana Marekani huwaongezea fidia askari wa namna hiyo, na Uingereza imeweka viwango vinne vya posho hiyo kwa walemavu wa vita, kulingana na kiasi cha uangalizi.

Hapa Uganda, Sheria ya Fidia ya Wafanyakazi ya mwaka 2000 inampa mwenye ulemavu kamili wa kudumu mapato ya miezi 60. Akihitaji msaada wa mtu kila wakati, huongezewa robo. Kwa mfano, aliyelipwa shilingi 400,000 kwa mwezi hupata 24,000,000, kisha 6,000,000 za nyongeza. Hata hivyo, sheria hiyo haiwahusu askari walio jeshini. Wao wana sheria zao. Baadhi ya waliolemaa hutunzwa katika kituo cha jeshi cha Mubende. Anayerudi kijijini hutunzwa na mkewe au bintiye, na kazi hiyo haina mshahara.

Hapa ndipo mfasiri anapohitajika. Akiandika "msaada wa daima", msomaji atadhani ni fedha za maisha yote, ilhali sheria inazungumzia haja inayojirudia mchana na usiku. Tanzania, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hutumia "malipo kwa anayemhudumia mgonjwa". Istilahi hiyo inaeleweka, ila aliyekatwa miguu si lazima awe mgonjwa. Sisi tunapendekeza "malipo ya mwangalizi".

Kiswahili kimekuwa lugha ya jeshi nchini tangu enzi za KAR, na mwaka 2005 Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili. Askari alipewa amri kwa Kiswahili. Haki zake zimeandikwa kwa Kiingereza. Asiyejua jina la haki yake hawezi kuidai. Tunawaomba walimu wawape wanafunzi zoezi hili: eleza malipo ya mwangalizi kwa sentensi tatu ambazo mzee wa kijijini ataelewa bila kuuliza tena.