Nyrup: Mchumi aliyeweka sawa hesabu, akapoteza kura

KRONE ya Denmark haiendi mbali na yuro. Tangu Januari 1, 1999, kiwango cha kati ni krone 7.46038 kwa yuro moja, na fedha hiyo hairuhusiwi kupanda wala kushuka kwa zaidi ya asilimia 2.25. Hata hivyo, Wadenmark wamebaki na krone yao. Sababu zake zimo katika maisha ya kisiasa ya Poul Nyrup Rasmussen, mchumi aliyekuwa Waziri Mkuu wa nchi hiyo kuanzia Januari 1993 hadi Novemba 2001.

Nyrup alizaliwa mwaka 1943 katika mji wa bandari wa Esbjerg, magharibi mwa nchi, na akapata shahada ya uchumi katika Chuo Kikuu cha Copenhagen mwaka 1971. Alifanya kazi katika shirikisho la vyama vya wafanyakazi, LO, na kati ya 1980 na 1986 alikuwa mchumi mkuu wake. Baadaye aliongoza mfuko mkubwa wa akiba za wafanyakazi. Aliingia Bungeni mwaka 1988, na miaka minne tu baadaye akamng'oa Svend Auken katika uongozi wa chama cha Social Democrats.

Mwanzoni mwa 1993, serikali ya Poul Schlüter ilijiuzulu kutokana na kashfa ya kuzuia familia za wakimbizi wa Kitamil. Nyrup akashika madaraka bila uchaguzi.

Dawa ya ajira

Alirithi nchi ambayo kiasi cha asilimia 12 ya nguvukazi yake haikuwa na kazi. Hatua yake ya kwanza ilikuwa kuchochea matumizi: viwango vya kodi ya mapato vilipunguzwa, na pengo likazibwa kwa sehemu na kodi za mazingira. Wenye nyumba nao waliruhusiwa kuchukua mikopo mipya yenye riba nafuu.

Hatua ya pili ilianza Januari 1994. Mwajiri wa Denmark alikuwa huru kupunguza wafanyakazi bila gharama kubwa, na asiye na kazi alipata posho nono. Nyrup hakugusa nguzo hizo mbili, bali aliongeza ya tatu: anayepokea posho ni lazima akubali mafunzo au kazi atakayopangiwa. Muda wa kulipwa ulipunguzwa hatua kwa hatua, kutoka miaka saba hadi minne. Kufikia 2001 ukosefu wa kazi ulikuwa umeshuka hadi karibu asilimia 5, na bajeti ya serikali ilikuwa na ziada.

Ahadi ya 1998

Tatizo lilianzia pale pale kwenye hesabu. Denmark ilikuwa na mpango unaomwezesha mfanyakazi kustaafu na malipo akiwa na miaka 60. Kadiri wazee walivyoongezeka, ndivyo mzigo ulivyozidi kuwa mkubwa. Lakini katika kampeni za uchaguzi wa Machi 1998, Nyrup aliwahakikishia wapiga kura kuwa mpango huo uko salama. Alishinda kwa tofauti ndogo mno.

Kabla mwaka haujaisha, serikali yake ilikubaliana na vyama vya upinzani kuubana mpango huo. Wafanyakazi wakatakiwa kuuchangia kwa miaka mingi, na anayestaafu mapema akapata kidogo kuliko anayesubiri hadi miaka 62. Kwa mchumi, hatua hiyo ilikuwa na mantiki. Kwa fundi aliyempigia kura miezi michache kabla, ilikuwa ni kuvunja ahadi. Umaarufu wa chama ukaporomoka.

Katika hali hiyo ndipo Nyrup alipowaomba wananchi waikubali yuro. Waajiri, viongozi wa LO na wabunge wengi walimuunga mkono. Lakini soko halikumsaidia: yuro, iliyoanza 1999 ikiwa na thamani ya zaidi ya dola moja, ilikuwa imeshuka chini ya senti 90. Septemba 22, 2000, benki kuu za Ulaya, Marekani na Japan ziliingia sokoni kuinunua. Siku sita baadaye Wadenmark walipiga kura, na asilimia 53.2 wakasema hapana.

Mchumi kwa mchumi

Katika uchaguzi wa Novemba 2001, suala la wahamiaji lilitawala kampeni, na Social Democrats wakapata asilimia 29.1. Kwa mara ya kwanza tangu 1924 hawakuwa chama kikubwa kuliko vyote. Aliyemrithi, Anders Fogh Rasmussen wa chama cha Venstre, naye ni mchumi, mhitimu wa Aarhus. Silaha yake ilikuwa kuahidi mambo machache, likiwemo la kutopandisha kodi, na kuyaita mkataba na wapiga kura.

Nyrup hakupotea. Mwaka 2004 alichaguliwa katika Bunge la Ulaya kwa kura 407,966. Huko alidai sheria za kudhibiti mifuko ya uwekezaji inayokopa kupita kiasi, na Septemba 2008, siku chache baada ya benki ya Lehman Brothers kuanguka, Bunge hilo lilipitisha ripoti yake.

Hesabu zake za ajira zilijibu. Kilichomkosesha wapiga kura ni dhamana aliyoitoa Machi, kisha akashindwa kuilipa kabla mwaka haujaisha.