Karatasi Yenu Itasomwa na Nani?

Vikundi vya hapa Kamina vinatuuliza jambo moja: sisi nasi tunataka karatasi yetu ya habari, tuanzie wapi? Wengi wanawaza kwanza falanga za fotokopi. Falanga ni shida, hatukatai. Lakini karatasi isiyojibiwa na mtu hufa hata kama falanga zipo. Kwa hiyo leo tuongee habari ya wasomaji.

Tuangalie wenzetu wa Kivu ya Kusini. Kule kuna shirika la wamama wa vijijini linaloitwa SAMWAKI, maana yake Sauti ya Mwanamke Kijijini. Kuanzia mwaka wa 2006, pamoja na FAO, yaani Shirika la Umoja wa Mataifa la Chakula na Kilimo, walisaidia vijiji kuanzisha vikundi vya kusikiliza redio, vinavyoitwa vikundi vya Dimitra. Vikundi vilipewa redio za kuzungusha kwa mkono au za nguvu ya jua, kwa sababu umeme na mawe ya redio ni taabu kijijini. Kusikiliza tu hakukutosha. Kikundi kilizungumzia shida yake, mawazo yake yakapelekwa redioni, kijiji kingine kikasikia na kujibu. Mama aliyezoea kunyamaza mbele ya wanaume akajua kwamba neno lake limesikika ng’ambo ya mlima. Nani ataacha kusikiliza redio inayotaja kikundi chake?

Hapo ndipo penye siri ya kazi hii. Msomaji hurudi pale anapojikuta. Basi, toleo la pili la karatasi yenu lianze na jibu la mtu aliyesoma la kwanza. Hata kama ni jibu moja. Hata kama anapinga. Na akipinga ni vizuri zaidi, kwa kuwa wengine watataka kumtetea au kumrudi.

Na jibu hutegemea swali. Sisi walimu tunajua: ukiuliza darasa «mmeelewa?», wote wataitika ndiyo. Ukiandika mwishoni «wamama, munawaza nini?», hakuna atakayejibu. Uliza kitu ambacho mama anakifanya kwa mikono yake: mahindi ya mwaka huu umeyaweka namna gani ili fukusi wasiyale? Mbabula yako inamaliza makala ya siku ngapi? Kwenye likelemba, anayeshindwa kutoa zamu yake munamfanya nini? Hilo la likelemba, jaribuni, mutaona. Swali moja kwa kila toleo linatosha.

Kuna wanaosema: sisi hatujui kuandika vizuri. Wajue habari hii ya kwetu Katanga. Mwaka wa 1965, kule Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, watu waliowahi kuwa maboyi wa nyumba za Wazungu walikuwa na chama chao. Mwenzao André Yav akaandika kwa jina lao historia ya mji, «Vocabulaire de ville de Elisabethville», kwa Kiswahili cha mjini jinsi kinavyosemwa. Maneno yameunganishwa na kukatwa bila kufuata kanuni ya shule, hata mtaalamu Johannes Fabian, aliyekitoa kuwa kitabu mwaka wa 1990, ilimpasa aombe mwenyeji akisome kwa sauti ndipo akielewe vema. Je, leo kuna anayekidharau kwa sababu ya herufi? Wataalamu wanakisoma kwa heshima. Kwa hiyo mwenye kuandika Kiswahili kilichochanganyika na Kiluba aandike; mwalimu yeyote wa jirani atasaidia kunyoosha, mradi asimnyang’anye mama sauti yake.

Tena, msisahau wamama wasiosoma. Hao pia ni wasomaji wenu. Mmoja asome kwa sauti siku ya mkutano, kabla ya kuhesabu falanga na si baadaye, maana baadaye kila mtu anawaza bukari na sombe za nyumbani. Mwingine ashike kaye na kuandika wanachosema. Kaye hiyo ni mali kuliko sanduku la barua.

Neno moja zito. Mama akileta habari ya kipigo, ya ugonjwa au ya binti yake, kuficha jina hakutoshi. Kamina tunajuana. Ukiandika «mama wa watoto saba anayeuza mikate karibu na gare», umekwisha kumtaja. Badilisheni au ondoeni mtaa, kazi na idadi ya watoto, kisha msomeeni mwenyewe kabla ya kuchapa. Akisema hapana, habari isitoke, hata kama ukurasa utabaki mweupe. Siku mtakapomwaibisha mama mmoja, hakuna atakayewaletea neno tena, na atakuwa na haki.

Kwa kuanza, karatasi moja iliyokunjwa katikati, kurasa nne, inatosha. Chagueni siku na muishike: afadhali mara moja kwa mwezi bila kukosa kuliko kila juma kwa majuma matatu na kisha kimya.

Sisi nasi tunawauliza: likelemba yenu inamfanya nini anayeshindwa kutoa? Mpeni jibu, kwa mdomo au kwa maandishi, mama anayewaletea karatasi hii. Juma lijalo tutaanza na majibu yenu.